Tauni ya Hong Kong ya 1894 ilifikaje mpaka Nairobi, na kwa nini kila mahali walichoma nyumba?

Mwalimu_Salma (Tanga)

Wanajamvi, habari za jioni.

Nafundisha historia kidato cha tatu. Juzi tukiwa kwenye mada ya reli ya Uganda nilitaja kwa kupita tu kwamba mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli iliyochangamka, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa sababu ya tauni. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tauni yenyewe ilitoka wapi?" Nikamwambia ilitoka China, ikapita Hong Kong, ikaingia Bombay. Hakuridhika. Akasema kama ilikaa kwenye milima ya China miaka yote hiyo, imekuwaje ndani ya miaka kumi tu iwe imefika Sydney, San Francisco, Cape Town na Nairobi? Na kuchoma soko kulisaidia nini?

Vitabu nilivyonavyo vinatoa tarehe bila kuunganisha chochote. Isitoshe, nina wanafunzi ambao kwao ni Lushoto na bibi zao wanaikumbuka vizuri tauni ya kule milimani. Wanataka kujua kama ni ileile. Naomba mwenye uelewa anisaidie, ikiwezekana kwa maelezo ninayoweza kuyapeleka darasani.

Natanguliza shukrani.

---

Gati_la_Kilindini (Mombasa)

Mwalimu, jibu fupi ni stima. Jahazi lilingoja kaskazi au kusi, likakaa baharini muda mrefu, na panya mgonjwa akiwamo ndani alikufa njiani, viroboto wake wakafa, ugonjwa ukaishia baharini. Stima haikungoja upepo. Mwaka 1900 meli za British India zilikuwa zikitoka Bombay kwa ratiba, zinapita Aden, zinashuka Zanzibar na Mombasa, na ndani yake mna mchele, nguo na magunia ya kila aina.

Kuhusu kuchoma, mimi nisingewahukumu sana wale madaktari. Dawa hakuna, maabara hakuna, watu wanakufa na mji mzima umejengwa kwa mbao na mabati. Moto unaua kila kitu. Ningekuwa mimi Nairobi mwaka huo ningewasha kiberiti vilevile.

---

BwanaAfya_Mstaafu (Lushoto)

Mwalimu Salma, nimekuwa bwana afya katika milima hii ya Usambara tauni ilipokuwa inatusumbua kila mwaka, kwa hiyo ugonjwa huu nimeushika kwa mikono. Historia yake nimeisoma kwa sababu nilitaka kujua kitu tulichokuwa tunapambana nacho kilitoka wapi. Nitakuandikia kwa urefu, uchague mwenyewe ya kupeleka darasani.

Gati, kwenye stima uko sahihi. Kwenye kiberiti sikubaliani nawe hata kidogo, na nitafika huko.

Nianze na swali la kijana, ambalo ni zuri sana. Tauni ilikuwa mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika miaka ya 1850 na hata kabla yake. Ni nchi ya milima mikubwa. Afyuni na bati vilisafiri kwa misafara ya nyumbu, na uasi wa Waislamu wa Yunnan dhidi ya dola ya Qing, watawala wa China wa wakati huo, kuanzia 1856 hadi 1873, uliwatembeza askari na wakimbizi kutoka bonde hadi bonde. Ugonjwa ukatembea kwa mwendo huohuo wa nyumbu, ukachukua miongo kuteremka pwani. Mwanzoni mwa 1894 ukawa Canton, mji mkubwa wa kusini mwa China. Mwezi Mei ukaingia Hong Kong, koloni la Waingereza, bandari yenye meli za kwenda kila upande wa dunia, na mfereji wa Suez ulikuwa wazi tangu 1869. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba tauni haikutulia. Ilikuwa safarini muda wote, ila ilikuwa haijapata chombo.

Hong Kong waliougua zaidi ni watu wa mtaa wa Tai Ping Shan, Wachina maskini waliobanana kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao. Serikali ikatuma askari wa Kiingereza waingie nyumba kwa nyumba, watoe wagonjwa, wapake chokaa, wachome vitanda na vyombo. Wagonjwa wakapelekwa kwenye meli iliyogeuzwa hospitali, ikiitwa Hygeia. Watu wakakimbia kwa makumi ya maelfu kurudi bara.

Mwezi Juni wakafika wanasayansi wawili. Kitasato Shibasaburo alitoka Japani na msafara wake, akapokelewa vizuri na kupewa nafasi hospitalini. Alexandre Yersin, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na Wafaransa, alikuja karibu peke yake na akanyimwa maiti za kuchunguza. Akajengewa kibanda cha mianzi na nyasi, akawapa pesa mabaharia waliokuwa wakisimamia maziko ili wamruhusu aingie chumba cha maiti kwa dakika chache. Akakata mtoki wa kinena, akachukua usaha, akauweka chini ya hadubini, na vijidudu vilikuwa vimejaa tele. Ndiyo sababu leo kijidudu cha tauni kinaitwa Yersinia pestis. Katika ripoti yake hiyohiyo aliandika kwamba panya waliokuwa wamekufa mitaani walikuwa na kijidudu kilekile.

Mwalimu, shika hilo la panya. Ni mwaka 1894.

Baada ya Hong Kong ni ratiba ya meli. Bombay ni 1896: daktari Acacio Viegas aliitambua mwezi Septemba katika mtaa wa Mandvi, palepale penye maghala ya nafaka karibu na gati. Tamatave, Madagaska, 1898. Mwaka 1899 ikafika Alexandria, Porto ya Ureno, Santos ya Brazili, na mwezi Desemba Honolulu. Sydney Januari 1900, San Francisco Machi, Glasgow kabla mwaka haujaisha. Cape Town mapema 1901. Waambie wanafunzi wako wachore hizo kwenye ramani. Kila moja ni bandari. Wala abiria mgonjwa si lazima. Cape Town, kwa mfano, Waingereza walikuwa vitani na Makaburu, wakawa wanaagiza majani ya kulisha farasi wa jeshi kutoka Amerika Kusini, ambako tauni ilikuwa imekwisha kuingia, na panya walishuka pamoja na majani. Wa kwanza kuugua walikuwa watu wa gatini.

India ndiyo iliyobeba mzigo. Walikufa zaidi ya watu milioni 10 kabla tauni haijapungua nguvu, ukilinganisha na Sydney, ambako mwaka 1900 waliougua walikuwa 303 na waliokufa 103. Naitaja Sydney makusudi, nitairudia. Mmoja wa waliokufa India ni Savitribai Phule, yule mama wa Pune aliyefungua shule ya wasichana wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la kupigiwa mawe. Aliugua Machi 1897 akihudumia wagonjwa. Pune hiyohiyo askari walikuwa wakivunja milango, wakiingia mpaka vyumba vya wanawake, wakiwavua watu kutafuta mitoki. Ofisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, alipigwa risasi Juni 1897 na ndugu wa ukoo wa Chapekar. Serikali ya nguvu inapoingia kwa namna hiyo, watu wanaficha wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa hakuna anayemtibu wala kumhesabu.

Sasa kiberiti.

Gati, moto hauui kila kitu. Moto unaua kisichoweza kukimbia. Panya akisikia moshi anatoka kwenye shimo lake, anavuka mtaro, anaingia nyumba ya tatu, na viroboto wake anao mwilini. Ndio mwiko wa kwanza tuliofundishwa kazini: usimguse panya kabla hujamaliza kiroboto. Kiroboto wa panya anampenda panya. Panya akifa na kupoa, anaondoka kwenye mwili huo na kurukia chochote chenye joto kilicho karibu, na ndani ya nyumba chenye joto ni mtu aliyelala. Ukiweka sumu ya panya kijijini kabla ya dawa ya unga ya viroboto, utawatoa viroboto mahali walipo na kuwapeleka kwa watoto.

Tulikuwa na njia ya kupima nyumba kabla na baada ya kunyunyizia. Jioni tunaweka sinia la maji sakafuni, katikati yake kibatari juu ya jiwe, tunafunga mlango. Kiroboto anarukia mwanga, anaanguka majini. Asubuhi unachukua sinia, unalisogeza dirishani na kuwahesabu waliozama, vidoa vidogo vya rangi ya kahawia juu ya maji. Nyumba ambayo panya wameanza kufa darini utaijua hapohapo, kwa sababu viroboto wa panya wako sakafuni, mahali ambapo kwa kawaida huwaoni.

Sasa chukua hilo ulipeleke Honolulu. Januari 1900 bodi ya afya ilikuwa ikichoma nyumba zilizotiliwa shaka katika mtaa wa Wachina, moja moja. Tarehe 20 upepo ukageuka, moto ukashika kanisa la Kaumakapili na kumaliza sehemu kubwa ya mtaa. Maelfu ya watu walibaki bila nyumba, wakawekwa kwenye kambi chini ya ulinzi. Cape Town 1901 Waafrika kati ya 6,000 na 7,000 walitolewa mjini kwa nguvu na kupelekwa Uitvlugt, baadaye pakaitwa Ndabeni, ingawa kulikuwa na wagonjwa wa kila rangi. Dakar 1914 Wafaransa walichoma vibanda vya Walebu, wenyeji wa hapo, na kuanzisha mtaa wa Medina ili wawahamishie huko. Na Nairobi 1902 ndiyo unayoifundisha.

Kwa hiyo kijana akiuliza kuchoma soko kulisaidia nini: tauni ilirudi Nairobi tena na tena katika miaka iliyofuata.

---

Gati_la_Kilindini (Mombasa)

Bwana Afya, heshima yako mzee. Lakini haya ya viroboto unayajua wewe uliyesomea. Mwaka 1902 nani alikuwa anajua?

---

BwanaAfya_Mstaafu (Lushoto)

Alikuwepo aliyejua, na aliandika wazi. Ndiyo sababu jambo hili linaniuma.

Paul-Louis Simond, daktari wa Kifaransa, alifika India 1897 kufuatilia kazi ya Yersin. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu vidogo. Katika kiwanda kimoja cha sufu wafanyakazi walikuta panya wengi wamekufa, wakaamriwa wawaondoe. Waliougua wote walikuwa miongoni mwa waliowagusa; ambao hawakuwagusa wakabaki salama. Halafu akagundua kwamba panya aliyekufa muda mrefu ukimshika hakudhuru, bali aliyekufa sasa hivi ndiye hatari. Kama sumu imo kwenye nyama, mbona mzoga wa jana hauambukizi? Na kwenye ngozi ya baadhi ya wagonjwa akaona lengelenge dogo, mahali palipoumwa na mdudu.

Juni 1898, akiwa Karachi, akamtia panya mgonjwa kwenye chupa kubwa ya kioo pamoja na viroboto. Panya alipokaribia kukata roho akaning'iniza kizimba chenye panya mzima juu yake, wasigusane. Yule wa chini akafa. Siku chache baadaye yule wa juu naye akafa, na mwilini mwake mlikuwa na tauni. Hakukuwa na kitu kingine kilichoweza kuvuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine isipokuwa kiroboto. Akachapisha mwaka huohuo, na wakubwa wa tiba wakambeza kwa miaka mingi.

Walikuwepo waliomsikiliza, na ndiyo maana niliitaja Sydney. John Ashburton Thompson, mkuu wa afya wa New South Wales, aliukubali ushahidi wa panya na kiroboto mapema na ripoti zake zinauonyesha. Huko serikali ilinunua panya na kuwachoma hao badala ya kuishia kuchoma nyumba za watu. Brazili, Oswaldo Cruz alinunua panya Rio de Janeiro kuanzia 1903, ijapokuwa wajanja walianza kufuga panya ili wauze.

Hata bila wanasayansi, wanavijiji wa Garhwal na Kumaon, chini ya Himalaya, walikuwa na desturi ya kuhama nyumba pindi panya wanapoanza kufa. Waingereza walikuwa na taarifa za desturi hiyo makabatini kwao miaka mingi kabla ya Bombay.

Kilichobaki kilikamilishwa na Bacot na Martin, London, 1914. Vijidudu vikizaliana tumboni mwa kiroboto vinafanya donge linaloziba njia ya chakula. Kiroboto anauma, damu haipiti, inarudi nje na vijidudu ndani ya jeraha. Kwa kuwa bado ana njaa anauma tena, na tena, mpaka anakufa. Kiroboto mmoja wa namna hiyo nyumbani anatosha kuiambukiza familia.

Na wewe Gati uliye mtu wa bandari utavutiwa na jambo hili: ushauri nao ulipanda meli zilezile. Kuna mtu anaitwa William Simpson, aliyewahi kuwa mkuu wa afya wa jiji la Calcutta. 1901 yuko Cape Town kwenye tauni. 1902 yuko Hong Kong. 1908 tauni inaingia Accra, anaitwa. 1913 anakuja Afrika Mashariki, anaandika ripoti, na humo anapendekeza Nairobi igawanywe: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na eneo tupu katikati. Alikuwa mtu msomi na mchapakazi, simkatalii hilo. Lakini soma mapendekezo yale ukiwa na elimu ya kiroboto kichwani, uniambie eneo tupu kati ya Mzungu na Mhindi linamzuia vipi panya. Ghala la nafaka lenye sakafu ya saruji na ukuta usiopenywa na panya lingefanya kazi kubwa zaidi, na yeye mwenyewe alilijua hilo, kwani suala la panya na majengo aliliandikia pia. Serikali zilichukua lile lililokuwa rahisi kwao kulichukua.

---

Nyota_ya_Bunia (Ituri)

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Ituri, Kongo. Nimesoma hii yote na nimeshukuru sana, lakini iko kitu hakinitoki kichwani. Huku kwetu tauni si ya vitabu. Upande wa Rethy, Aru, Mahagi, watu wanaugua mpaka leo, na mama zetu wanajua kabisa: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, ita munganga. 2005 ilitokea kule Zobia, kwenye machimbo ya almasi, na ile ilikuwa ya mapafu. Wachimbaji walitawanyika porini na ugonjwa wao.

Sasa mzee, sisi tuko mbali sana na bahari. Ni meli gani ilituletea?

---

Mwalimu_Salma (Tanga)

Shikamoo mzee. Swali la ndugu wa Bunia ndilo la wanafunzi wangu wa Lushoto pia. Milimani hakuna gati.

---

BwanaAfya_Mstaafu (Lushoto)

Marahaba mwalimu. Ndugu wa Bunia, pole kwa ya Zobia.

Hakuna meli iliyowaletea ninyi. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na 1898. Kulikuwa na taarifa za ugonjwa wa mitoki unaoua watu Kiziba, upande wa Bukoba, magharibi mwa ziwa. Vipimo vilipochunguzwa, Koch alitangaza mwaka 1898 kwamba ni tauni, na kwamba kandokando ya Uganda kuna chimbuko la tauni la bara, lisilotokana na ile ya Hong Kong. Reli ilikuwa bado haijafika Nairobi. Waganda nao walikuwa na mzimu wa tauni, Kaumpuli, mwenye hekalu na makuhani wake, na mzimu wa namna hiyo haujengewi hekalu kwa ugonjwa uliofika juzi.

Sayansi ya vinasaba imeunga mkono jambo hili. Vijidudu vilivyosambazwa na stima kutoka Hong Kong, vilivyopo leo Madagaska na magharibi ya Marekani, ni wa tawi moja, wanafanana sana. Vya Kongo, Uganda na Kenya viko kwenye tawi jingine, lililojitenga mapema kuliko hilo la stima. Kwa hiyo Nairobi ya 1902 ilikuwa imesimama kati ya milango miwili: mmoja unatazama bahari na Bombay, mwingine unatazama ziwa, na reli iliiunganisha yote miwili mwaka 1901. Soko la Wahindi lilichomwa kana kwamba mlango ni mmoja.

Kuhusu Lushoto: kijidudu ni kilekile, Yersinia pestis, lakini mlipuko wetu ulioanza 1980 haukushuka melini. Tauni ikishaingia porini haitoki. California iliingia kwa panya wa bandari mwaka 1900, na baada ya miaka michache ikawa imehamia kwa kuchakuro wa mashambani; mpaka leo wako nayo. Kwetu inakaa kwa panya wa kingo za msitu na mashamba. Mavuno yakiingia, mahindi yanawekwa darini juu ya jiko, panya shamba anayafuata, anakutana na panya wa nyumbani, viroboto wanabadilishana. Kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipata wagonjwa zaidi ya 7,000 katika wilaya hii moja, na waliougua zaidi ni akina mama na watoto, wanaoshinda nyumbani na kuchukua nafaka darini.

Nimewaona watoto hao. Mtoto anakuja akichechemea, mguu mmoja ameukunja, hataki kuunyoosha. Mama anadhani kajikwaa shambani. Unamlaza, unapeleka vidole kinenani polepole, na kabla hujagusa analia. Mtoki upo pale, mgumu, ngozi juu yake ina moto. Akianza sindano za streptomaisini mapema, siku chache tu anacheza. Akicheleweshwa kwa sababu watu wanaogopa kutengwa au kuchomewa vitu, unampoteza. Zaidi ya 500 tuliwapoteza. Ndiyo maana sikukubali habari ya kiberiti, Gati. Hofu ya serikali inaua wagonjwa ambao dawa ingewaokoa, na mwaka 1902 dawa hizo hazikuwepo, ni kweli, lakini imani ya watu ilikuwepo na iliteketezwa kwanza.

Ya mapafu, ndugu wa Bunia, ni habari nyingine, maana hiyo haihitaji panya wala kiroboto. Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, majira ya baridi ya 1910 kuelekea 1911, wawindaji wa ngozi za mnyama anayeitwa marmoti waliugua, wakapanda treni, na watu wapatao 60,000 wakafa. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliona kwamba inapita hewani kwa kukohoa, akawavalisha watu barakoa za shashi na pamba. Daktari wa Kifaransa, Mesny, alikataa kuvaa, akaingia wodini uso mtupu, akafa ndani ya siku chache. Ardhi ilikuwa imeganda, makaburi hayachimbiki, majeneza yamepangwa juu ya theluji. Wu akaomba ruhusa ya mfalme achome maiti, na hapo moto ulikuwa na sababu yake, kwa sababu alikwisha kujua ugonjwa anaoshughulika nao unapita wapi. Zobia mngekuwa na mtu wa namna yake wiki ya kwanza, machimbo yasingetawanyika.

---

Mwalimu_Salma (Tanga)

Mzee, nimenakili yote. Kesho nitawapa ramani tupu waweke bandari na miaka. La mwisho: wale wa Lushoto wameuliza, wakienda likizo wakakuta panya amekufa ndani bila kutegwa, wafanye nini? Mmoja alisema kwao humshika mkiani na kumtupa shimoni.

---

BwanaAfya_Mstaafu (Lushoto)

Asimshike mkiani. Panya aliyekufa sasa hivi bado viroboto wanatoka mwilini mwake. Ni kilekile alichokiona Simond kiwandani. Watoto watoke chumbani, mtu mzima aende kwa mwenyekiti wa kitongoji au zahanati akatoe taarifa siku hiyohiyo. Waje na dawa ya unga, inyunyizwe kwanza juu ya mzoga, kwenye mashimo na kuzunguka kuta, ndipo panya aondolewe kwa koleo na kufukiwa. Nafaka ishushwe darini, na wanaolala chini wapandishwe kitandani.

Na mtu yeyote humo ndani akipata homa ya ghafla na maumivu ya kinena, kwapa au shingo ndani ya wiki moja, asingoje mpaka asubuhi. Aende zahanati na aseme kwa sauti kwamba panya wamekufa nyumbani, maana muuguzi kijana ambaye hajawahi kuiona tauni atampa dawa ya malaria na kumrudisha.

Hiyo ramani ukimaliza nao, waongezee na Kiziba. Hakuna gati pale, wataanza kuuliza wenyewe.